Mizani Nyuma ya Pazia

Mimi ni mtu mwoga. Nalisema mwanzo kabisa, maana wapo jamaa mpaka leo wanaonisifu kwamba nilikuwa binti wa kwanza katika ukoo wetu kupanda ndege kwa kazi, birika la chai mkononi, wakati wenzangu walipanda kwenda hospitali tu. Wasichojua ni kwamba miguu ilinitetemeka tangu mlango unapofungwa mpaka unapofunguliwa, na kwa lile tabasamu nililowagawia abiria nilikuwa najipa moyo mwenyewe.

Kilichonifanya nivumilie ni kaka yangu. Alikuwa mbele, kiti cha kulia, rubani msaidizi. Kushoto kwake alikaa kapteni, Mwingereza mtu mzima mwenye nyusi nyeupe, mkali, asiyecheka, nami nilimpenda kwa ukali wake. Ndege ikitikisika nilijiambia: wako wawili. Mmoja akishikwa na tumbo, mwengine yupo. Mmoja akikosea, mwenzake atamwona. Nilikuwa nikiwapelekea kahawa hata pale wasipoomba, ili nichungulie tu nihakikishe kwamba wako wawili na wote wako macho.

Tulikuwa tumerudi Oman kutoka Unguja mwanzoni mwa miaka ya sabini, mama, kaka na mimi. Husema "tumerudi" ingawa mimi na kaka tulikuwa hatujawahi kuiona. Mama alitaka tukae Sur kwa sababu ndugu wa marehemu baba walikuwa huko, na kwa sababu mitaani pale ungekuta watu wazima wanaojua Kiswahili. Kaka alijua Kiingereza, akapelekwa nje kusomea urubani. Mimi nilijua Kiingereza na kuchekacheka na watu, nikachukuliwa kuwa mhudumu. Sote wawili tuliwekwa kwenye safari za ndani ya nchi: kutoka uwanja wa Sib, karibu na Maskati, kwenda Sur au kisiwa cha Masira, mara mojamoja Salala. Barabara ya Sur wakati ule ilizunguka Samail na Ibra, mawe na vumbi, na wadi, lile bonde kavu, likishuka na maji unalala njiani na watoto wako. Kwa hiyo ndege ilikuwa na watu wake, na ilijaa.

Kisha siku moja shirika likatuita sote wa safari za ndani katika chumba cha mapumziko cha Sib. Msimamizi, mzungu mwenye shati lililonyooshwa vizuri, akatueleza kwa sauti ya upole, kama daktari. Safari za ndani hazilipi kwa ndege kubwa. Tangu sasa zitarushwa na kampuni ndogo, kwa ndege ndogo, na shirika litabaki na safari za nje. Makapteni wa kigeni walihamishiwa ndege za nje siku hiyo hiyo. Kaka yangu aliambiwa saa zake za kuruka hazijatosha kwa ndege zile. Akitaka, aende kampuni ndogo, na asipotaka, mlango ule pale. Sisi wahudumu tuliambiwa kwamba ndege ndogo haina chai.

Nilipoiona hiyo ndege ndogo kwa mara ya kwanza nilikasirika. Ilikuwa na nafasi ya abiria tisa, na mmoja kati yao alikaa mbele kabisa, ubavuni mwa rubani, kwa sababu pengine pa kumweka hapakuwapo. Lakini nje walikuwa wameipaka rangi zile zile za shirika kubwa, mistari ile ile, na mkia ule ule. Nikamwuliza kaka kwa nini wameipaka hivyo. Akasema ili watu wasishtuke.

"Na wewe unakaa na nani?" nikamwuliza.

"Nakaa na Mungu," akasema, akacheka. Alipoona sicheki akanivuta pembeni. "Sikiliza. Ndege hii inarushwa na rubani mmoja, ndivyo ilivyoundwa, na huko Ulaya inaruka hivyo hivyo. Lakini mama usimwambie. Mwambie ndege ni ndogo, basi."

Sikumwambia. Mama hata hakuuliza. Alichosikia yeye ni neno moja tu, kapteni. Mwanawe jana alikuwa msaidizi, leo kapteni. Akapika halwa, akaita majirani, akasoma maulidi. Kila aliyeingia mlangoni alikaribishwa na habari ile kabla ya kukaribishwa kuketi. Mimi nilikuwa nikipita na sinia la kahawa huku moyo umenishuka, nikimsikia mama akimweleza mke wa jirani, kwa Kiarabu chake kilichojaa Kiswahili, kwamba sasa mwanawe naye ana msaidizi wake wa kumtuma.

Kampuni ndogo haikuhitaji mhudumu, lakini ilimhitaji mwanamke Sur. Sababu ilikuwa mizani. Kaka alinieleza vizuri, na heri asingenieleza, maana tangu siku hiyo sikulala usingizi wa kushiba. Ndege kubwa ilikuwa haijali mtu mmoja mnene au begi moja zaidi. Hii ilijali. Njia ya kurukia ya Sur ilikuwa ya changarawe, fupi, na kwa upande mmoja kuna vilima. Jua likipanda, hewa ya joto huwa nyepesi na mbawa hazipati cha kuegemea. Kwa hiyo kila mtu lazima apimwe pamoja na alichobeba, wazito wakae mbele, na ikizidi, kitu kishuke.

Wanaume walipandishwa juu ya mizani nje, mbele ya watu, wakataniana. Wanawake walikataa katakata. Hakuna mwanamke wa Sur ambaye angesimama mbele ya karani asomewe kilo zake kama gunia la tende. Ndipo kaka akapendekeza mdogo wake. Wakaninunulia mizani ya pili, wakatundika pazia la kanga mbili katika kibanda cha makuti pembeni ya ofisi, na kazi yangu ikawa hiyo: kupima wanawake siku za ndege, kuandika, kumpelekea kaka.

Nilifanya kazi ile kwa ukali ambao sikujua kama ninao. Nilipekua mikoba. Niliwavua watoto viatu. Nilikuwa nikijua kwamba kaka yangu ataisoma ile namba yangu, ataiamini, na atatia moto injini. Kisha nilikuwa natoka nje, nasimama kwenye jua, naitazama ndege ikikimbia kwenye changarawe na kunyanyuka na kupinda, mpaka mlio wake unapotea. Baada ya hapo ni kurudi ofisini, kukaa karibu na redio ya mawasiliano, na kungoja Sib waseme ametua. Sikunywa maji mpaka waseme. Karani, kijana wa Kisuri, alizoea kunitania kwamba mimi ndiye ninayeibeba ndege kwa meno.

Tabu yangu kubwa ilikuwa watu wetu wenyewe. Wanawake wa Kisuri walikuwa wakiingia nyuma ya pazia, wananung'unika, wanapimwa, wanatoka. Wanawake wetu wa Unguja na Pemba walikuwa na ustadi mwingine, na ustadi huo walikuwa nao kwa sababu. Hao ni watu waliotoka kwao baada ya mapinduzi na walichoweza kukificha mwilini. Mama yangu alipita bandarini na bangili zake zimeshonwa katika kanga ya ndani, na mama mdogo alibeba mikufu ya bibi katika nywele. Aliyeweka mali yake mezani ili ipimwe na iandikwe, hakuiona tena. Wakafika Oman, nchi ya amani, lakini mikono ilikwisha zoea. Wakiona mizani na mtu wa kuandika, kitu kinaingia chini ya baibui chenyewe, hata kama ni chupa ya samli tu.

Na mwanamke wa kwetu haendi shughulini mkono mtupu. Nilikwisha toa vikopo vya halwa viunoni, ndimu kavu kifuani, na mara moja papa mkavu mzima aliyefungwa mgongoni kwa shuka, ananuka uwanja mzima, na mwenyewe ananiangalia usoni anasema hajui harufu hiyo inatoka wapi. Niliwaeleza, kila mmoja, kwamba kilo ni roho. Waliitikia kwa adabu, "Ndiyo mwanangu, ndiyo," na nilijua hawajaamini hata kidogo. Kwao ilikuwa hila ya kampuni kulipisha mizigo.

Basi ikafika harusi ya binti wa shangazi yangu, huko Matrah, mji ulio karibu na Sib. Msimu wa joto ulikuwa umeanza. Kampuni ikakubali kuwapakia watu wetu safari moja: mama, mama mdogo, na jamaa na majirani, wanawake peke yao. Nafasi iliyobaki aliipata mfanyabiashara wa samaki wa Ashkhara, mtu aliyevaa kanzu nyeupe safi iliyopigwa pasi, na kwa kuwa nyuma walikuwa wanawake, yeye akapangiwa mbele, ubavuni mwa kaka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mama kupanda ndege ndogo.

Nikawapima mmoja mmoja. Walikuwa wepesi. Nilishangaa walivyokuwa wepesi. Mikoba ina kitana na msuaki, na nguo za harusi zimekunjwa vizuri katika mabegi yaliyokwisha pimwa. Mama alipanda mizani akiwa mnyoofu kama mwanafunzi. Nikafurahi. Nikamwambia, "Mama, leo mmenipa raha," naye akanipapasa shavu.

Baadaye, kabla ya kupanda, wakasema wanataka kutia udhu na kusali rakaa mbili za safari nyuma ya tangi la maji, pale penye kivuli. Nani atamkataza mtu kusali? Nikawasubiri. Kusali walisali kweli, siwasingizii. Lakini nyuma ya tangi lile walikuwa wameweka vifurushi vyao tangu alfajiri, na walipomaliza kutoa salamu wakavaa vyote: halwa, samli, tende, papa, na mchele wa kupika siku ya pili ya harusi. Mimi nilikuwa upande wa pili wa tangi, nalinda wasionwe na wanaume.

Wakapanda ndege polepole. Nikadhani ni mwendo wa watu wazima.

Kaka akatia moto. Ndege ikaanza kukimbia kwenye changarawe, nami nimesimama mahali pangu, na mara nikajua. Nilikuwa nimeitazama mara nyingi mno nisijue. Palikuwa na mahali, usawa wa pipa jekundu, ambapo gurudumu la mbele hunyanyuka. Ndege ikapita pipa na gurudumu liko chini. Ikaendelea. Vumbi likaizidi, mlio ukapanda ukawa wa kukwaruza masikio, na nikasikia sauti inayosema "Inuka, inuka," na ilikuwa yangu. Mwishoni kabisa ikaachana na ardhi, chini mno, huku mbawa zinayumba, na mbele yake vilima.

Hofu niliyoizoea ilikuwa ya kukaa tumboni. Ile ya siku hiyo ilinipanda kichwani, nikawa sioni pembeni. Nilimwona kaka, yaani niliiona ndege, lakini niseme kweli nilimwona kaka, akipinda kidogo kidogo kuelekea baharini ambako hakuna kilima. Hakupinda kwa haraka. Baadaye aliniambia kwamba angepinda kwa haraka ingeanguka. Ikashuka nyuma ya mitende ya pwani, mlio ukafifia, na karani akasema, "La ilaha illa Llah," kwa sauti ya mtu anayemaliza jambo. Nikampiga kofi. Mpaka leo sijui kwa nini nilimpiga yeye.

Kisha tukausikia tena mlio. Alikuwa ametokea upande wa bahari, yu chini bado, akaja moja kwa moja, akatua kwa kishindo kilichorusha mawe, akasimama mwisho wa njia.

Nilikimbia mpaka kule. Mlango ulipofunguliwa mama mdogo alikuwa wa kwanza kushuka, na alipoweka mguu kwenye ngazi kikopo cha halwa kikatoka chini ya baibui lake, kikabingirika, kikasimama mbele ya kiatu cha kaka. Kaka alikuwa ameshuka kwa mlango wa mbele, shati limemganda mwilini. Akakiangalia kile kikopo. Akawatazama wanawake wakishuka mmoja mmoja, na kila mmoja, kwa aibu, bila kuambiwa, akaanza kujifungua na kuweka chini alichobeba. Mchele ukashuka. Tende zikashuka. Ilikuwa rundo kubwa, na mama alikuwa wa mwisho, na fungu lake lilikuwa kubwa kuliko ya wote.

Nikampigia mama kelele. Sikuwahi kumpigia kelele maishani. "Mama, unataka kumuua? Nimekwambia mara ngapi?"

"Nilidhani ni mambo ya kampuni," akasema. Midomo ilikuwa haina damu. "Chombo cha mwanangu mwenyewe. Nilidhani wewe unapima kwa ajili ya kampuni."

"Napima kwa ajili yake!"

Kaka akaninyamazisha kwa mkono. Akasema mizigo yote ibaki, ndege ikaguliwe magurudumu, na anayetaka kwenda harusini apimwe tena, apande moja kwa moja. Nilidhani hakuna atakayethubutu. Lakini harusi ni harusi, na wanawake wale wamepita makubwa. Wakapimwa, wakapanda, wanasoma Ayatul Kursi kwa sauti ya kutetemeka. Waliobaki ni wawili. Mfanyabiashara wa samaki alisema atakwenda kwa gari hata akilala Ibra wiki nzima, akajikalia kivulini ameinamisha kichwa, kanzu yake nyeupe imechafuka matapishi. Na mama alisema, "Mimi siendi," akasimama karibu yangu.

Ndege ikakimbia tena. Kwa mara ya kwanza mama alikuwa amesimama pale ninaposimama mimi. Gurudumu la mbele lilinyanyuka kwenye pipa, nami nikavuta pumzi, na hapo hapo mama akanishika mkono kwa nguvu, kucha zikaniingia.

"Isimamisheni! Jamani isimamisheni! Kamsahau msaidizi wake!"

"Nani, mama?"

"Yule pale!" Alimwonyesha mtu wa Ashkhara chini ya kivuli. "Yule aliyekaa naye mbele. Nilimwona akijiziba uso analia Ya Latif, Ya Latif, nikasema msaidizi gani huyu. Lakini si msaidizi wake? Mbona wamemwacha?"

"Yule anauza samaki, mama. Ni abiria."

Ndege ilikuwa imekwisha panda, inapinda juu ya vilima, inang'aa. Mama aliitazama mpaka ikawa nukta.

"Basi sasa kakaa na nani?"

"Hakukaa na mtu."

"Na siku nyengine?"

"Siku nyengine hukaa abiria, yeyote. Rubani ni yeye tu, mama. Tangu ilipokuja ndege hii."

Hakunilaumu kwa kutomwambia. Heri angenilaumu. Nilimwingiza ofisini, nikampa kiti changu karibu na redio, nikamletea maji, naye hakuyanywa. Karani, shavu lake bado jekundu, akaketi mbali na mimi. Tukangoja. Mama hakusoma, hakuvuta tasbihi, alikaa anakiangalia kile kisanduku kama mtu anayemwangalia mgonjwa. Niliona kwamba anaogopa kama ninavyoogopa mimi, wala sikupata faraja yoyote kwa kuwa wawili.

Redio ikakoroma. Sib wakasema ametua salama, abiria wote wazima.

Mama akanyanyuka na kuushika ukingo wa meza. "Mwambie alale huko huko," akasema. "Mwambie kesho arudi kwa gari."

"Ndege inatakiwa Sur kesho, mama. Kuna watu wa kwenda Masira."

"Airudishe mwengine. Yule mzungu wake wa zamani, mwenye nyusi."

"Yule yuko ndege za ng'ambo. Hawaji tena huku, hata mmoja wao."

"Basi mwengine. Hapakosi mtu."

"Nani, mama?" nikamwuliza.

Akamtazama karani, akanitazama mimi, midomo wazi kama aliye karibu kulitaja jina, na jina hakulipata.